Hatua Saba Mbele

...na penseli ikamfikia Emile, maana mduara wa watu wanne hauna pa kujificha, zamani walipokuwa tisa mtu aliweza kujidai anakwenda kuangalia birika, akakohoa, akatafuta miwani iliyo puani pake, zamu ikampita salama, lakini leo Opoka ameshaandika, Mama Maimunah ameshaandika, na mwenye picha haandiki wala haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wote wamalize, ndiyo sheria, basi amebaki yeye na hicho kipande cha penseli kilichotafunwa mkiani, na mbele yake mezani picha ya binti Anena imelazwa kifudifudi, mgongo mweupe umeelekea juu, mistari miwili tayari, KATA KUSHOTO UMTOE HUYU WA GETI, hiyo ya Opoka hata bila jina, nani mwingine anayekata kila kitu, na NYEUSI YA GAUNI LA GOMESI IMEZIDI, MIKUNJO IMEKUFA, hiyo ya Maimunah, na chini yake nafasi, upana wa vidole vinne, nafasi ya kusema ukweli... andika basi, mzee, andika PICHA NZURI, wanywe chai waende zao, maneno mawili tu, nani aliyewahi kufa kwa kuambiwa picha yake nzuri, hakuna, ila yule mwingine aliambiwa ukweli na ukweli ukamfanya nini, nyamaza, usimtaje, hapa hatajwi, miezi minne sasa hatajwi, na bado kiti chake kipo pale pembeni ya studio kimewekewa trei za dawa ya picha juu ili kisionekane kitupu.

"Mzee Emile, chai yako inapoa," alisema Mama Maimunah, naye akaitikia ndiyo, ndiyo mama, nafikiri kidogo, wakacheka kwa heshima, maana walimzoea hivyo, Emile wa Bukavu, mwenye jicho kali, anayetazama picha ya mtu kwa kioo cha kukuzia kama mnunuzi wa dhahabu, asiyeropoka, akisema neno limepimwa, na kweli walipokuwa wanazungumza, picha ingali imelala uso juu, yeye alisema tu nitaandika, akawaacha Opoka na zile kona zake mbili za kadibodi, anaziteleza juu ya picha huku na huku kutafuta mahali pa kukata, mkono wa Opoka umezoea, kazi yake polisi ni kupiga picha za magari yaliyogongana, siku nzima anatazama vyuma vilivyopinda, Jumapili anataka picha safi isiyo na kitu cha ziada, "Mimi naona hivi, hii picha iko mzuri, mwanga iko sawa, lakini huyu jamaa ya geti anaharibu, ona, nikifunika hapa... ona sasa, picha imepumua," na Maimunah akainama mpaka ushungi ukagusa meza, "Kweli kabisa, macho yangu ilikuwa inaenda kwake, inaacha huyu mama wa samaki, bambi, maskini, na samaki ndiyo picha yenyewe," na Emile akatazama kadibodi ikimfunika yule mtu, kiwiko kwanza, kisha bega, kisha uso, na kila mtu akashusha pumzi kwa kuwa picha imependeza, lakini kadibodi si ukuta, mtu yupo palepale chini yake, ameegemea mhimili wa geti la bandari, shati la maua, na saa ya mkono ameivaa mkono wa kulia, tena juu ya shati, aonekane, na hatazami samaki, hatazami mabehewa yanayosukumwa kwenye meli, anatazama hapa, anamtazama aliyeshika kamera.

Na Emile anaijua saa hiyo... anaijua, angalia, picha ya pili iko palepale mezani, ile ya zamani, binti ameileta kwenye bahasha ya shule, ameilaza kando ya yake kwa adabu, vidole vyake vyembamba vinanuka dawa, anasafisha picha peke yake kule Kisugu kwenye bafu alimokuwa kaka yake akifanya chumba cha giza, kwa kamera ya kaka yake ya zamani, ile ya mkoba wa ngozi uliochanika, na kabla hajakaa alisema kwa sauti ya kuwaamkia watu msibani, "Wazee wangu, msinionee huruma. Kaka alisema hapa watu wanasema ukweli. Hii ndiyo picha ya mwisho aliwaletea. Huku nyuma kuna mtu aliandika, kaka alifurahi sana, alirudi nyumbani akatusomea kwa sauti, mara tatu. Alisema, wengine wananisifu, huyu mmoja tu ndiye ananiona. Mimi sitaki kujua ni nani. Nataka tu na mimi aniandikie," na hapo akamtazama nani, hakumtazama mtu, alitazama vikombe, na Opoka akakohoa, na Maimunah akaanza kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba, maana binti alikuwa amevunja mwiko, amemtaja Odur mbele yao bila kumtaja, na katika huu mwaka wa sita tangu wanajeshi washike nchi watu wamejifunza kutosikia, mume wa Maimunah ni askari, yuko kambini, Opoka jina lake lenyewe linamtangaza kuwa mtu wa kaskazini, wale wanaosakwa, na huwezi kujua usiku huu anajificha kwa nani, na Emile ni mgeni tu, karatasi zake za ukimbizi zimechakaa kwenye mikunjo, kila mmoja na sababu yake, kila mmoja na kikombe chake mdomoni, na binti akamalizia kama mtu anayesema habari za soko, "Jumatano narudi tena Port Bell, pale bandarini, siku hiyo meli inapakia, watu wanakuwa wengi."

Jumatano. Odur naye ilikuwa Jumatano... mwalimu Odur, mwalimu wa hesabu, mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo usinaswe na mnyororo wa baiskeli, anasahau kukitoa, anaketi nacho saa tatu nzima akibishana juu ya vivuli, yeye ndiye aliyewakusanya, yeye ndiye aliyewafundisha sheria, kila mtu alete picha moja, si ya studio, si ya harusi, ya njiani, watu wakiwa hawajajipanga, ailaze mezani anyamaze, wenzake waseme, kisha picha igeuzwe na kila mmoja aandike nyuma neno moja la kweli kwa penseli, herufi kubwa, bila jina, "maana mtu akijua ni wewe," alisema Odur, "ama atakununia ama atakupikia kuku, na vyote viwili vinaharibu," wakacheka, na Emile alicheka kuliko wote kwa sababu tangu amzike mkewe Marie-Louise hakuna aliyempikia kuku wala aliyemnunia, siku sita za juma watu huja hukaa kwenye kigoda, tazama hapa, inua kidevu, usitikisike, pasipoti, pasipoti, nchi nzima imekuwa inataka picha za pasipoti, anaona nyuso za watu siku wanayoamua kuondoka, anazianika kwenye kamba usiku zikakauka zikimtazama, wengine huzifuata, wengine hawarudi, ana droo nzima ya nyuso nne nne zisizo na mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kwa jina, ila Jumapili, Jumapili tu, saa tisa, Mzee Emile, hodi, Mzee Emile, leo utanichinja, Mzee Emile, hii unaionaje, na yeye husafisha vikombe tangu alfajiri kama bibi harusi, Mungu amsamehe, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anaisubiri Jumapili kama mtoto... na hiyo ndiyo itakayokwenda ukiandika ukweli, bwana, vikombe vitabaki vinne na mnywaji mmoja.

Kwa hiyo PICHA NZURI. Penseli ikasogea ikasimama. Kwa nini ikasimama, kwa sababu nyuma ya picha ya zamani, pale pale mkono wake wa kushoto, yapo maneno aliyoyataja binti, yaliyosomwa mara tatu kwa sauti nyumbani Kisugu, na Emile hahitaji kuyageukia ayasome, anayajua hata gizani, UMESIMAMA MBALI. HATUA 7 MBELE. HUYU ANAYEKUTAZAMA NDIYE PICHA YAKO, lo, alivyojipenda siku hiyo, alilamba penseli, alipima urefu wa mtu yule kwa urefu wa mhimili wa geti, akapiga hesabu ya lenzi kichwani, si tano, si kumi, saba, akaona raha ya fundi aliyepata kipimo, na wenzake wote walikuwa wamemsifu Odur kwa mabehewa na moshi na ziwa linalometa nyuma, yeye peke yake ndiye aliyemwona yule mtu mdogo wa shati la maua mwenye saa juu ya shati, wakati huo mdogo kama punje ya mtama, akaona macho yale yamegeuka, akasema moyoni aa, hapa pana picha... jicho kali! jicho kali gani hilo, unamwona mtu wa usalama asiye na sare anamkodolea mwenzako macho kwenye geti la bandari, mwendo mfupi tu kutoka gereza, mwaka kama huu, na unachokiona wewe ni umbo na mwanga, hata mtoto angeona hatari, muuza karanga angeona, ila mpiga picha haoni, mpiga picha anasema safi, macho yamekutana na lenzi, sogea. Na yeye mwenyewe hatua saba hizo hakuwahi kuzipiga maishani, picha zake za njiani zote kazipiga amesimama mlangoni pa studio, pazia nusu, na watu wakazisifu kuwa zina utulivu.

"Au tumwachie aandike kesho?" Opoka anatania, anatazama mlango, anataka kuondoka kabla jua halijashuka, na Maimunah anamwambia mwache mzee, mambo mazuri hayataki haraka, na sauti zao zinafika kwa Emile kwa mbali, maana anamsikia mwingine, yule mama wa samaki, si huyu wa pichani, mwingine, aliyekuja kupiga pasipoti wiki moja baada ya Jumatano ile, akakaa kwenye kigoda akapangusa jasho, akasema tu, maana watu hupenda kusema wakiwa kwenye kigoda, "Ssebo, bwana, hii kazi yenu iko mbaya, juzi juzi bandarini nimeona mwenzako, mrefu hivi, na kibanio hapa kwa suruali, alikuwa anatembea pole pole kuenda kwa yule mtu wa geti, na mdomo wake unasema kitu, mimi nikafikiri anaomba Mungu, kumbe anahesabu, ssebo, moja, mbili, tatu, amefika saba akasimama, akainua kamera, akacheka na yule mtu kabisa, kama rafiki. Gari ilikuwa hapo nyuma, buti wazi," na Emile akasema, inua kidevu, mama, usitikisike, akabonyeza, akamwambia picha kesho saa nne, akafunga mlango, akakaa chini katikati ya trei za dawa mpaka taa nyekundu ikamuumiza macho, na hakumwambia mtu, si Opoka, si Maimunah, si padri, angemwambiaje mtu kwamba mwalimu wa hesabu alikwenda kifoni akihesabu jibu aliloandikiwa na Emile.

Na hakwenda Kisugu kuhani. Hilo nalo liseme, uko peke yako kichwani mwako, nani anasikia... watu walikwenda, kwa woga, mmoja mmoja, na sukari kidogo kwenye kanga, hata Maimunah alikwenda, mke wa askari, yeye Emile akajidai anaumwa mgongo, mgongo mzima huu, miezi minne, na sasa msiba umemfuata mwenyewe mpaka mezani kwake, una miaka ishirini na viatu vya shule, unakaa mikono magotini, umenyamaza kama sheria inavyotaka, shingo ndefu ya kaka yake, paji la kaka yake, Mungu wangu, paji lilelile, na yule mtu wa geti ana macho, kazi yake ni macho, amemwona Odur kwa karibu kuliko sisi sote, akimwona huyu Jumatano mara ya pili, na kamera ileile ya mkoba uliochanika, si atajua, keshajua, tazama pichani, huo si mtazamo wa mtu anayeshangaa kamera, huyo anakumbuka. Na sisi tunabishana akatwe kushoto au asikatwe.

Basi mwandikie USIRUDI. Ndiyo, ANAKUTAZAMA, USIRUDI, herufi kubwa, bila jina, mambo yakaisha, umeokoa mtu na Jumapili zako zimebaki... ataamini? Hataamini. Atasema huyu ni mwoga kama wengine, wote pale mezani wanaogopa, nani hajui, atasema yule mkweli wa kaka yangu siku hizi haji tena, au kafa, au kanionea huruma, na kaka yangu hakuonewa huruma, kaka yangu aliambiwa sogea, na Jumatano atafunga kamba za viatu vyake vya shule atakwenda, kwa sababu neno analoliamini duniani ni lile lililoandikwa nyuma ya picha ya zamani, na neno hilo bado linamwambia hatua saba mbele, halijafutwa, penseli ya miezi minne bado nyeusi kabisa, na anayeweza kulitangua ni yule aliyeliandika tu, tena aseme ndiye. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Marie-Louise alipenda kusema hivyo, nao hawakuwahi kuwa na mwana, alisema tu juu ya watoto wa majirani.

Akainua macho, mara moja, kuangalia kama kuna anayemwangalia, Opoka anachezea zile kona za kadibodi, Maimunah anapuliza chai, na Anena, Anena hatazami vikombe tena, anatazama mkono wake, mkono wa Emile, si uso, mkono wenye penseli, ametulia, na Emile akakumbuka binti alivyofika leo, alikuja mapema, hakubisha hodi, alisimama nje kwenye lile bango la bei, Emile alimwona kupitia pazia akadhani anasoma, maskini anahesabu kama atamudu, pasipoti nne shilingi 17, harusi 70, kupaka rangi 7, saba hizo zote zimekatwa kiuno kwa kistari, vile alivyofundishwa na masista wa Bukavu, hakuna mwingine hapa Kamwokya nzima anayeandika saba namna hiyo, na nyuma ya picha ya Odur ipo saba moja, ina kistari, umbo lilelile, na binti alisimama pale muda mrefu na bahasha kifuani, halafu ndipo akabisha hodi, akaamkia kila mtu, akaketi, akasema sitaki kujua ni nani... alikuwa anajua. Alipokuwa anasema alikuwa anajua. Hakuja kutafuta aliyeandika, amekwisha kumpata mlangoni, na bado aliingia, akapokea chai, akailaza picha yake mezani, akanyamaza kama sheria inavyotaka, amempa nafasi ya vidole vinne aone ataandika nini.

Basi huo mdomo wake mdogo uliofungwa si adabu tu, na si huruma, wala si hasira, au labda ni hasira, ana haki, atakaponyanyuka kitini, na Opoka atakapoelewa, na Maimunah atakapoacha kikombe, watatoka watatu kwa mlango mmoja na Jumapili ijayo Emile atasafisha vikombe kwa mazoea, atakaa na trei zake, na droo ya nyuso zisizo na mwenyewe, hewala, na iwe hivyo, upweke anaujua, ameulea mwenyewe kwa miaka, hautamla zaidi ya ulivyokwisha kumla, kinachomshangaza ni kwamba kifua kimelegea kidogo, tangu Jumatano ile hakijalegea... kuna mtu mmoja duniani anajua, na amekaa hapo mbele yake, hajakimbia, anamngoja. Chai ilikuwa bado inafuka, kadibodi bado mkononi mwa Opoka, nje mtu bado anamwita mtu mwingine kwa jina, hata dakika tano hazikuwa zimepita, na Mama Maimunah alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Haya, mzee, andika tusikie," naye Emile akaisogeza picha ya binti pembeni taratibu, hiyo baadaye, hiyo ya pili, akaivuta kwanza ile ya zamani, akaigeuza, akatafuta mahali chini ya saba yake, pana nafasi, pana kuliko alivyokumbuka, akalamba ncha ya penseli, akaanza kuandika jina lake mwenyewe.